Mwalimu Blandina na Mtoto wa Uroa

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, Mwalimu Blandina Feruzi huichukua gilasi iliyolala mezani, huyamwaga maji yake kwenye kopo la mrehani lililo dirishani, huiosha, huijaza maji mapya na kuifunika kwa kisahani. Huirudisha pale pale karibu na mlango, mahali ambapo mtu akiingia kwa haraka ataifikia bila ya kuuliza. Baada ya hapo ndipo hubandika chai.

Anakaa ghorofa ya juu katika nyumba kongwe ya Kajificheni, chumba kimoja na kiukumbi. Nassra, jirani yake wa chini, aliwahi kunambia kuwa yale ni maji ya kunywea vidonge vya presha, kwani Mwalimu ni mtu wa utaratibu. Mwalimu hana presha. Maji yale ni ya kumbatizia mtoto atakayeletwa hali yake ikiwa mbaya na padri hayupo. Tangu aanze kuyaweka hajaletwa mtoto hata mmoja, na sidhani kama ataletwa. Kanisa limeshamzuia kufundisha, kusoma na kusali mbele ya watu, na wazazi wanajua.

Naandika habari zake kwa sababu alinifundisha kipaimara, na kwa sababu yaliyompata husimuliwa mjini kwa namna mbili na zote mbili si za kweli. Wengine husema alitaka upadri. Wengine husema alirukwa na akili baada ya mtoto kufia mikononi mwake. Mtoto hakufia mikononi mwake. Ingekuwa hivyo, pengine leo angekuwa anapata usingizi.

Kwa asili ni mtu wa Mbweni, wa wale wajukuu wa waliokombolewa utumwani na kulelewa na misheni. Baba yake alikuwa mpiga kengele. Yeye alijaliwa kichwa cha kusoma, akapelekwa bara, kwanza ualimu, kisha chuo cha theolojia. Katika darasa lao wanawake walikuwa yeye na mwenzake mmoja, na yule mwenzake akaondoka njiani kwenda kuolewa. Katika somo la Agano Jipya hakuna aliyempita. Walipomaliza, wanaume wa darasa lile walirudi kwao wakapewa kola za upadri na makanisa ya kuchunga. Yeye alirudi Unguja akapewa watoto. Alifundisha chekechea ya kanisa huko Ng'ambo, upande wa Amani, ambako wengi wa watoto walikuwa Waislamu na mama zao walikuwa wakiwaleta kwa ajili ya ukali wake. Jumapili alifundisha kipaimara. Hakuolewa. Akiulizwa kwa nini, alikuwa akijibu kwamba chaki ilimposa mapema.

Kanisa letu ni dogo na jina lake sitalitaja. Lina desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Mwanamke anaruhusiwa kuwafundisha watu wazima, lakini akimaliza, neno lake huhesabiwa kuwa liko wazi mpaka mwanamume asimame alifunge. Mzee wa kanisa huinuka, hurudia kwa ufupi yaliyosemwa, husali, na hapo ndipo somo huwa limekwisha. Bila ya hivyo watu hubaki wamekaa, hata kama mvua inawanyeshea watoto nje. Wapo wazee wanaofunga vizuri. Wapo wanaofunga jambo ambalo halikusemwa kabisa, na watu huitikia amina vile vile.

Mwalimu aliikuta desturi hiyo akaifuata. Kwa miaka yote hakuna alichokisema mbele ya watu wazima ambacho hakikufungwa na mwanamume. Mzee mmoja wa baraza, fundi seremala mwenye utani mwingi, alipenda kusema akimwona anashuka ngazi za kanisa na vitabu vyake, "Mwalimu sauti anayo. Alichokosa ni suruali tu." Watu walicheka. Mwalimu naye alikuwa akicheka.

Kitu alichokitaka kwa kweli kilikuwa kimoja. Alitaka kanisa lifungue mafunzo ya walimu wanawake, wasome Biblia kama yeye alivyoisoma chuoni, wawe wengi, wasambae shamba na mjini. Aliliomba jambo hilo kwa mapadri watatu waliofuatana. Wa kwanza alisema watu hawajawa tayari. Wa pili alisema wakati utafika. Wa tatu, Padri Silvano, kijana mwenye heshima na uso wa kuchoka, alisema ataliombea.

Huyu Padri Silvano ndiye aliyemkabidhi Uroa. Kule ufukweni kuna hoteli, na wengi wa wanaotandika vitanda, wanaopika na wanaolinda ni vijana wa bara, Wakristo katikati ya kijiji cha Waislamu. Walikuwa wakisali kwenye bwalo la wafanyakazi la hoteli moja, baada ya vyombo vya chai kuondolewa, harufu ya samaki wa kukaanga bado imo. Padri alifika mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote kanisa la Uroa lilikuwa Mwalimu. Alikwenda Jumamosi, akafundisha, akalala, akaongoza sala Jumapili asubuhi, akarudi mjini.

Mfunga neno wake alikuwa Mzee Elikana, mtu wa Kigoma, mlinzi wa geti la hoteli ile. Mara nyingi alikuja darasani akitoka zamu ya usiku na usingizi ukimwelemea. Mwalimu akifundisha, yeye husinzia. Wakati ukifika Mwalimu humgusa bega kwa ncha ya mwavuli, naye huinuka, hukohoa na kusema, "Tumesikia, Bwana, tusaidie tutende," kisha hukaa. Vijana walimwiga walipokuwa wakifagia bwalo, mpaka na kuamshwa kwake kwa mwavuli. Mzee mwenyewe hakukasirika.

Mwalimu alikuwa akilala kwa Tusekile, msichana wa Tukuyu aliyekuwa mtandika vitanda. Tusekile alipanga chumba kwenye ua wa Bi Wanu, mjane anayelima mwani. Bi Wanu na Mwalimu walikuwa rika moja na walitaniana tangu siku ya kwanza. Siku moja Bi Wanu alimpokea kwa kumwambia, "Mwalimu, Jumapili mliimba mpaka mwani wangu ukacheza kambani. Mngu hasikii polepole?" Mwalimu alimjibu kwamba Mungu anasikia, wanaoimba ndio hawajisikii. Bi Wanu alimtilia chai akampa na muhogo wa nazi.

Tusekile alikuwa na mimba. Mwanamume mwenyewe alikuwa fundi wa ujenzi, alirudi bara kazi ilipokwisha, na simu yake ikawa haipatikani. Mwalimu hakumsema wala hakumwondoa darasani kama baadhi ya wazee walivyotaka. Alisema mtoto hana kosa la kujibu. Tusekile alikuwa mwanafunzi wake hodari kuliko wote, aliyeuliza maswali mpaka wenzake wakachoka.

Somo la ubatizo wa dharura walilisoma mwaka huo huo. Mwalimu alifundisha kama alivyowafundisha wengine wengi, mimi nikiwamo. Mtoto akiwa mahututi na padri yuko mbali, mtu yeyote aliyepo anaweza kubatiza, mume au mke, hata kama yeye mwenyewe hajabatizwa. Amwage maji kichwani, ataje jina, aseme maneno ya Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na akusudie kile ambacho kanisa hukikusudia. Basi. Mwalimu alikunja kanga akatengeneza mtoto, akampitisha kwa kila mmoja, na kila mmoja akammwagia maji. Tusekile alipofanya, Mwalimu alimshika mkono kumwonyesha maji yasiende machoni. Mwisho wa somo Mzee Elikana aliguswa bega, akainuka, akalifunga neno.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi Mwalimu aliwasili Uroa akamkuta Tusekile sakafuni, ameng'ata upindo wa kanga. Miezi ilikuwa bado. Bi Wanu, ambaye amezalisha wanawake wengi wa mtaa wake, alikuwa ameshatandika mkeka na kuchemsha maji. Gari la hoteli lilikuwa limekwenda uwanja wa ndege kupokea wageni. Gari jengine lilipigiwa simu Chwaka na likaahidi kuja. Mtoto hakulingoja.

Alizaliwa adhuhuri, wa kiume, mdogo kiasi cha kuenea katika viganja vya Bi Wanu. Alilia mara moja, kilio chembamba, kisha akaanza kuvuta pumzi moja moja, na baina ya pumzi na pumzi kulikuwa na kimya. Bi Wanu alifungua nguo yake akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi, akamfunika. Alimtazama Mwalimu akatikisa kichwa.

Tusekile alikuwa akivuja damu na amekwisha nguvu, lakini alikuwa na fahamu zake. "Mwalimu, mbatize," alisema. "Anaitwa Ambakisye. Jina la babu yake."

Jagi la maji lilikuwa juu ya kigoda. Mwalimu alilitazama.

"Naam, mwanangu," alijibu. "Nnakwenda kumwita Mzee."

Akatoka. Alipita nyuma ya nyumba na kando ya ukuta wa hoteli, akienda mbio kwa kadiri ya miguu yake. Getini alimkuta Mzee Elikana yuko zamu. Mzee alisikia habari akasikitika sana, lakini asingeweza kuliacha geti bila ya mtu, na mlinzi mwenzake alikuwa amekwenda kula. Basi la wageni lilikuwa linatazamiwa wakati wowote. Akamwomba Mwalimu akae kwenye benchi kivulini. Mwalimu alikaa. Alinieleza kwamba alikaa na mwavuli wake magotini na akajihisi anafanya jambo sahihi, kama mtu aliyefika posta na kupanga foleni. Basi lilifika, geti likafunguliwa, masanduku yakashushwa. Mlinzi wa pili alirudi. Mzee Elikana alivua koti la kazi akavaa lake mwenyewe, kwa sababu alikuwa anakwenda kwenye jambo la kanisa, na wakaondoka pamoja.

Bi Wanu walimkuta amekaa kizingitini. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, amefunikwa gubigubi.

"Kanikalia kifuani akipumua muda wote huo," Bi Wanu alisema. "Nikawa nasema sasa hivi watarudi, sasa hivi watarudi. Mwalimu, ulikwenda kuchukua nini?"

Mzee Elikana alivua kofia. Ndani, Tusekile alikuwa ameugeukia ukuta. Gari la Chwaka lilipofika lilimchukua kumpeleka hospitali mjini, na alipoinuliwa hakumtazama mtu.

Mwalimu alimpigia simu Padri. Padri Silvano alisikitika, na nina hakika alisikitika kweli. Aliuliza kama mtoto alibatizwa. Alipoambiwa hapana, akaeleza anachoruhusiwa na asichoruhusiwa. Mtoto asiyebatizwa katika kanisa letu huzikwa pembezoni mwa makaburi, bila ya ibada na bila ya kutajwa jina, kwa sababu jina hutolewa kwenye maji. Mwalimu alimwambia kwamba mama yake aliomba. Padri akasema kuomba si kubatizwa, na kwamba yeye hakuitunga kanuni hiyo.

Bi Wanu aliyasikia maneno hayo kwa kuwa simu ilikuwa na sauti kubwa. Alisema kwao wao mtoto akishalia ni mtu, anapewa jina, anaoshwa, anavishwa sanda na anasaliwa. Hakuyasema kwa kujigamba. Alikwenda chumbani, akafungua sanduku lake, akatoa bafta nyeupe aliyojiwekea ya kumzika yeye mwenyewe siku yake ikifika, akakata kipande. Alimwosha mtoto akamfunga. Kazi ilipokwisha aliuliza kama kwa Wakristo mama anaruhusiwa kulia, au na hilo lina mtu wa kuitwa.

Walizika Jumapili alasiri, kwenye makaburi yetu nje ya mji. Tusekile aliruhusiwa kutoka hospitali siku hiyo akaja moja kwa moja, kanga yake bado ina mkunjo wa dukani. Walikuwapo wazee wa baraza na wanawake wachache. Padri alikuja na nguo zake za kawaida, kama kanuni inavyotaka, akasimama mikono nyuma. Kisanduku kilishushwa. Kilikuwa chepesi mno, na waliokishika walipata tabu kukishusha bila ya kukiyumbisha. Padri akasema, "Tufukie."

Tusekile alimgeukia Mwalimu akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hawasemi jina?"

Mwalimu alifumbua mdomo. Mzee seremala, yule wa utani, alikuwa nyuma yake. Alimwekea mkono begani, kwa upole kabisa, kama anavyowekewa mfiwa. Mwalimu akaufumba mdomo. Udongo ukaanza kuingia.

Baada ya mazishi Padri alimwita kando. Alimwambia alifanya sawa, kwamba mwanamke mwengine angejichukulia madaraka na kuleta mgogoro, lakini yeye alijua mipaka yake na alikwenda kumtafuta mwenye idhini. Alisema kanisa linahitaji wanawake wa namna hiyo. Na kwa kuwa baraza limeliona hilo, mafunzo aliyoyaomba muda wote yatafunguliwa, na Jumapili inayofuata atasimamishwa mbele ya kanisa kuwa mkuu wake.

Mwalimu alishukuru. Anasema alishukuru kwa mdomo kabla hajaelewa alichokisikia, na alipofika nyumbani ndipo alipoelewa alichosifiwa.

Katikati ya wiki alikwenda Uroa. Alimkuta Tusekile anafunga begi. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Mwalimu alitaka kupiga magoti, Tusekile akamwambia asipige, sakafu ina mafuta, atachafua nguo. Kisha akakaa juu ya kitanda kisicho na shuka akazungumza, na Mwalimu anayakumbuka maneno yale vile yalivyosemwa.

"Mwalimu, mimi sina neno na Padri. Yeye hakuwepo. Nina neno na wewe. Ulinishika mkono nikammwagia maji mtoto wa kanga, ukasema vizuri, Tusekile, hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimeishiwa nguvu, la sivyo ningeinuka mwenyewe. Wewe ulikuwa na nguvu za kwenda mpaka getini."

Mwalimu alimuuliza amfanyie nini. Tusekile akasema wamtaje mtoto wake kanisani. Mara moja tu, walitaje jina lake, wajue alikuwepo. Kesho yake alipanda meli akarudi kwao.

Kwa hiyo zikabaki siku chache kabla ya Jumapili, na Mwalimu alikuwa na vitu viwili mikononi: mafunzo aliyoyaomba tangu ujana, na jina la mtoto. Alikwenda kwa Padri akamwomba jina litajwe, hata katika matangazo, hata pamoja na wagonjwa. Padri alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia asiharibu. Alisema akishaingia katika nafasi ile ataweza kubadilisha mambo mengi, taratibu, na pengine hata kanuni hiyo siku moja ikaja ikazungumzwa. Hayakuwa maneno ya mjinga, na Mwalimu hakuyadharau. Aliyafikiria kwa siku zote zilizobaki. Aliwafikiria wasichana watakaosoma. Anakiri kwamba Jumamosi jioni alipiga pasi nguo yake akiwa amekata shauri kuipokea kazi na kunyamaza.

Mama yangu alikuwapo Jumapili ile, na aliyoyaona hayapingani na ya Mwalimu. Baada ya mahubiri Mwalimu aliitwa mbele. Alisimama chini ya ngazi ya madhabahu, mahali wanaposimama wanawake, akapewa kipaza sauti atoe shukrani. Mzee seremala alikuwa ameshakaa tayari benchi la mbele, kwani yeye ndiye aliyepangiwa kulifunga neno siku hiyo. Mwalimu alimshukuru Padri, akalishukuru baraza. Akamtazama mzee seremala, ambaye alikuwa akimtabasamia na kumpa moyo kwa kichwa. Kisha akakisogeza kipaza sauti karibu zaidi na mdomo.

"Mmenisifu kwa kwenda kumwita Mzee," alisema. "Maji yalikuwepo. Maneno nilikuwa nayo, nyote humu nimekufundisheni. Mtoto alikuwa anapumua. Nikamwacha nikaenda kukaa kwenye benchi. Kazi hii mnayonipa, mnanipa kwa sababu ya hilo, na siwezi kuipokea mpaka kanisa limtaje mtoto yule. Anaitwa..."

Hakuna aliyepanga. Mama yangu anaamini hivyo mpaka leo. Mzee wa baraza aliyekaa karibu na kinanda aliinua kidole, mpiga kinanda akabonyeza, na kwaya ikasimama kama inavyosimama kila inaposikia kinanda. Wimbo wenyewe Mwalimu ndiye aliyewafundisha. Waliimba kwa nguvu zote, wengine wakitazama sakafu. Sauti ya pili ilipwaya, kwa sababu mwenye kuishika sauti ya pili alikuwa amesimama mbele. Kipaza sauti kilizimwa. Waliokaa benchi la kwanza wanasema waliuona mdomo wa Mwalimu ukisema jina, zaidi ya mara moja, lakini ukiwauliza ni jina gani hawawezi kukwambia. Wimbo uliimbwa beti zote, na ukarudiwa. Ulipokwisha Mwalimu alikuwa ameshatoka kwa mlango wa ubavuni. Kipaza sauti alikilaza sakafuni, polepole, kisije kikapiga kelele.

Baraza lilikaa wiki hiyo hiyo. Halikumfukuza. Lilisema apumzike. Neno hilo linatumika mpaka leo, na ukiuliza atapumzika mpaka lini utaambiwa kwamba ni mtu mzima, amefanya kazi nyingi. Chekechea ilipata mwalimu mwengine. Mafunzo ya wanawake yalifunguliwa kweli na yanaendelea. Wanasoma Jumatano, na anayewafundisha ni mzee seremala.

Watu hawakumtenga kwa ukali. Wanamsalimia vizuri barabarani, Shikamoo Mwalimu, naye huitikia Marahaba, na wanapita. Jumapili hukaa benchi la nyuma. Wakati wa nyimbo haimbi, na majirani zake wa benchi wamejifunza kutomtazama.

Bi Wanu alikuja mjini mara moja kumwona. Aliketi ukumbini, akaliamua jambo zima kwa maneno machache, kwamba Waislamu wana lao na Wakristo wana lao, lakini yeye kama mwanamke, lau angekuwamo kanisani siku ile, angemrushia mtu jiwe. Walicheka kidogo. Alipoondoka alimwachia mkoba wa ndimu, na hajarudi tena, miguu inamuuma.

Mzee Elikana ndiye anayeongoza Uroa sasa. Mara moja moja hupiga simu kuuliza asome nini Jumapili, naye Mwalimu humwambia sura na mstari. Siku moja, baada ya kuambiwa, hakuikata simu. Alisema lipo jambo linamsumbua. Watu wanasema Mwalimu aliwafundisha kwamba yeyote anaweza kubatiza. Yeye hakumbuki kusikia somo hilo. Angelisikia, siku ile getini angemwambia arudi mbio akambatize mwenyewe. Mwalimu alimwambia somo hilo alilifunga yeye. Mzee akauliza kama alilifunga vizuri, na Mwalimu akamwambia ndiyo, alilifunga vizuri.

Tusekile hapokei simu. Mwalimu humpigia kila Jumapili jioni, inaita mpaka mwisho. Hajawahi kuzuiwa wala kujibiwa. Anasema atakapojibiwa itabidi amweleze kwamba jina alilitaja na halikusikika, na hajui kama hilo linahesabiwa.

Nilikwenda kwake mara kadhaa nikiandika haya. Alinijibu kila kitu kabla sijauliza, kwa mpango, kama anayefundisha. Swali langu lilikuwa moja, na nilichelewa sana kulitoa, mpaka akanitilia chai ya pili na mvua ikaanza kunyesha juu ya mabati ya jirani. Nilimuuliza: siku ile Tusekile alipomwambia mbatize, na maji yako mbele yake, aliogopa nini?

Aliweka kikombe chini.

"Sikuogopa kitu, mwanangu," alisema. "Nlikuwa nshazowea kwenda kumwita mwanamume."